Weusi wa Nywele za Duha

"Chagua moja, mwanangu. Barafu hii haingoji mtu."

Tsuma alikuwa ameketi kwenye ngazi, mlango wa ghala uko nyuma yake, na miguuni pake ameweka dawa mbili za kusafishia picha. Moja ilikuwa ya majimaji, imo chupani bado haijafunguliwa. Ya pili ilikuwa ya unga, iliyokorogwa asubuhi kwa maji matamu na sasa imetulia ndani ya dumu dogo. Shariffa alisimama mlangoni akizitazama kama mtu aliyeambiwa achague mmoja katika watoto wake.

"Si unichagulie wewe, Ami Tsuma."

"Ningekuchagulia kama ningeruhusiwa kukiona ninachokuchagulia."

Tsuma ndiye aliyekuwa msaidizi wa marehemu baba yake, Mzee Ghassan, katika studio yao ya Ndia Kuu, enzi za picha nyeusi na nyeupe. Studio ilipofungwa alipata ukarani kwa mawakala wa forodha kule Kilindini, lakini mikono yake haikusahau. Picha hii angeisafisha akiwa amefumba macho. Na kusema kweli, hivyo ndivyo angetakiwa aisafishe, maana kuiona hakuruhusiwa.

Ilikuwa picha ya Duha, dada yake Shariffa. Baba yao alimpiga picha hiyo mwenyewe siku ya kupambwa kwake, nywele wazi mpaka kiunoni, kikuba, kishada cha asumini, kimening'inia begani. Mwaka haukuisha, Duha akafariki akijifungua. Baada ya matanga, Bi Haifa, mama yao, alizikusanya picha zote za binti yake zisizokuwa na mtandio akazichana moja moja, kama wafanyavyo wengi hapa mjini, ili mwanamume asiye mahramu wake, yaani anayeweza kumuoa, asije akamtazama marehemu na nywele zake wazi. Hakuna aliyemlaumu. Iliyobaki ni picha ya kitambulisho tu, na humo Duha ametoa macho kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu.

Miaka ilipita. Juzijuzi Shariffa, akisafisha ghala, aliikuta negativu moja imejificha chini ya mashine ya kukuzia picha. Aliiinua mbele ya dirisha akaona mwanamke mwenye uso mweusi na nywele nyeupe, akaketi chini palepale kwenye vumbi, akalia.

Taabu ilikuwa jicho la Bi Haifa. La kushoto lilikwisha zamani. La kulia lilikuwa lapasuliwa kesho asubuhi, na daktari hakumficha kitu: huenda likafunguka, huenda likafungika moja kwa moja.

"Nataka nimuone mwanangu kabla ya kesho," Bi Haifa alisema. Alisema mara moja tu.

Najua utauliza, kwani hakuna maduka? Yapo, na vijana wake wana kompyuta, picha hutoka kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Shariffa alilitaja jambo hilo, akajuta. "Nimtie Duha kwenye simu?" Bi Haifa alifoka. "Leo yuko Mombasa, kesho yuko Malindi, kesho kutwa yuko Maskati, atizamwa na kila mwenye kidole! Wallahi bora nife kipofu."

Basi kazi ikamwangukia Shariffa, ambaye maisha yake yote alikuwa mpakaji hina. Maharusi wa mitaa yote hii, mpaka Tononoka, mikono na miguu yao imepita mapajani pake. Dawa za picha hakuwahi kuzigusa. Tsuma alikuwa akija jioni baada ya kazi, anaketi ngazini, anamfundisha kupitia mlangoni, na mwanafunzi wake akijaribu negativu ya paka wa barazani. Paka wa kwanza alitoka mweusi kama kaa. Wa pili hakutoka kabisa. Wa tatu alikuwa na kichwa, hana mkia. Karatasi zikaliwa namna hiyo, na karatasi zenyewe Tsuma alizipata kwa tabu kwa rafiki yake wa Nairobi. Leo Tsuma hakwenda kazini, na pakiti ilikuwa na karatasi mbili tu.

"Nieleze tena," Shariffa alisema.

"Hii ya chupa ni ya mtu anayeanza. Wachanganya na maji, waanza kazi. Weusi wake ni weusi, weupe wake ni weupe. Haina madaha. Hiyo ya unga ni laini. Inautuliza uso, inautia wekundu wa mbali kama chai ya maziwa. Lakini yataka mkono uliozoea."

"Baba alikuwa akitumia ipi?"

"Kwa maharusi? Ya unga."

"Basi hiyo."

"Shariffa, mwanangu, wewe huna mkono wa..."

"Ni harusi yake, Ami Tsuma. Nimtoe kama picha ya polisi?"

Mzee wa watu akajiinua ngazini. Alimkabidhi mfuko wa barafu, maana kwa joto la Mombasa dawa isipopozwa huichoma karatasi, kisha akaingiza dumu la unga mlangoni. Mlango ukafungwa. Shariffa akabaki na globu nyekundu na mabeseni yake matatu.

Aliiweka karatasi ya kwanza chini ya mashine, akawasha taa, akazima. Akaizamisha katika dawa. Nje Tsuma aliishika saa yake na kumwambia muda, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto kwa daktari wa meno. Uso ulikuja polepole, mwororo, bila ukali wowote, na Shariffa akashika mdomo. Duha! Ni yeye. Akaogopa usije ukazidi kuwa mweusi kama yule paka. Akaunyakua haraka kwa koleo, akautia kwenye dawa ya kukazia.

"Mbona nasikia maji? Umeitoa?" Tsuma aliuliza.

"Ilikuwa tayari."

"Muda haujatimia!"

"Nimekwambia ilikuwa tayari!"

Picha ilipokuwa salama kutolewa mwangani, Shariffa aliiweka katika sinia lenye maji, akaifunika kwa kawa kama anayepeleka chakula cha mgeni. Tsuma, aliposikia mlango, aligeuka akautazama ukuta kama mtoto aliyekosa katika chuo cha Kurani. Shariffa akampita akapanda juu.

Ilikuwa picha nzuri, nisimuonee. Mzee Ghassan mwenyewe angeikubali. Ngozi ya Duha ilikuwa laini, na kila kitu kimeyeyukiana na kingine, shavu na nywele, nywele na pazia nyuma yake.

Bi Haifa alikuwa dirishani, pahala penye mwanga wa alasiri. Alilivuta sinia karibu. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa maji, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Wapi?" Bi Haifa aliuliza.

"Hapa, Mama. Huyu hapa. Hili shavu lake."

"Naona ukungu." Alipapasa maji kwa kidole. "Mmenitilia ukungu, Shariffa. Mato yangu yana ukungu wa kutosha, sikuwatuma mwingine."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Shariffa alilibeba sinia akashuka nalo bila kulifunika, na Tsuma alisikia miguu yake ilivyokuwa mizito, akaulekea ukuta haraka.

"Ameona?"

"Hakuona." Kisha yakamtoka yote. "Nimemtengenezea baba picha! Baba hayupo, Ami Tsuma, na mimi nimemtengenezea yeye. Mama jicho lake haliwezi ulaini. Vipi sikufikiri? Siku zote namshika mkono kuvuka kizingiti, vipi sikufikiri?"

"Nami pia sikufikiri," Tsuma aliuambia ukuta. "Nilikuwa nafikiri habari za mkono wako tu. Karatasi iko?"

"Moja."

"Imwage hiyo ya unga. Osha beseni vizuri."

Aliimwaga. Iliteremka mferejini, ya rangi ya chai, dawa ya baba yake, na hakuitazama mpaka mwisho. Akaichukua chupa miguuni pa Tsuma, akaifungua, akachanganya, akatia barafu pembeni ya beseni. Barafu iliyobaki ilikuwa vipande vidogo vidogo vinavyoelea. Alisema bismillahi, akasahau kama ameisema, akaisema tena.

Karatasi ya mwisho ikaingia. Mwanzo hakikutokea kitu. Halafu, kwa ghafla, zikaja nywele. Uso haukuwapo bado, shingo haikuwapo. Zilikuja nywele kwanza, na nyusi, na wanja. Weusi ulizidi. Ulizidi mpaka akaogopa. Mkono wake wenye koleo ulishuka wenyewe majini.

"Usiitoe!" Tsuma alipiga kelele nje, kama aliyeuona. "Kila anayeanza huitoa mapema. Ngoja!"

"Inakuwa nyeusi!"

"Iache iwe! Wewe maharusi wakitaka kuosha hina mapema huwaambiaje?"

Huwagombeza. Huwaambia kama wana haraka wangejipaka rangi ya kucha, si hina. Bibi harusi mmoja aliwahi kulia kwa kuchoshwa, na Shariffa alimshika vifundo vya mikono mpaka hina ikakolea. Sasa alijishika mwenyewe, mkono wa kushoto ukaukamata wa kulia, akaubana. Nywele ziliendelea kukolea. Alitaka kukimbia atoke nje. Alisimama.

"Sasa," Tsuma alisema.

Picha hii haikuwa ya baba yake. Ilikuwa kali. Weusi ulikuwa weusi, meno yalikuwa meupe, na asumini za kikuba zilihesabika. Duha alikuwa anacheka, mdomo wazi, bila haya, kicheko kile ambacho Bi Haifa alikuwa akimkanya asikitoe mbele za watu.

Shariffa alipanda nayo ndani ya sinia, kawa juu yake, akiyasikia maji yanavyochezacheza. Akaliweka sinia kwenye magoti ya mama yake, akafunua, akarudi hatua moja. Hakumwonesha shavu liko wapi.

Bi Haifa aliinama. Alikaa hivyo, ameinama, mpaka Shariffa akadhani amesinzia au amekata tamaa.

"Nywele zake," Bi Haifa alisema. Kisha, "Kikuba nilimtungia miye." Kisha akacheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani. "Mtizame! Mdomo wote huo! Nilimwambia afunge mdomo, baba yake akasema mwache."

"Mama."

"Namuona. Namuona mwanangu." Aliinua uso, jicho lake linatiririka, hakulifuta. "Tsuma yuwapi?"

"Yuko chini ngazini."

"Alikuwa akimbeba Duha mabegani kumpeleka chuoni. Mwite."

"Mama! Na nywele...?"

Bi Haifa alivuta pembe ya leso yake iliyokuwa begani. Aliikunja, akaiweka juu ya picha, kulizunguka paji la uso, akaishusha pande mbili za mashavu, akaikutanisha kidevuni, polepole, kama anayemvika mtoto anayetaka kukimbia. Nguo ikafyonza maji ikashikamana na karatasi. Nywele zote zikapotea chini yake, ukabaki uso peke yake, unacheka.

"Tsuma!" aliita kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita mpaka barazani. "Ndoo umuone mtoto!"

Ngazi zililia chini ya miguu ya mzee. Bi Haifa hakuondoa mkono. Vidole vyake viwili vilibaki pale chini ya kidevu, majini, vikiishika leso isiteleze.