Ukurasa wa Pili wa Mzee Selemani

Mimi ndiye Mkristo pekee katika ofisi ya mizigo ya Mzee Selemani hapa Sumbawanga, kwa hiyo wenzangu wakienda kuswali adhuhuri hubaki peke yangu na kompyuta. Na mizigo ilikuwa ikipotea njia saa hiyohiyo. Ulezi wa kwenda Kasanga unaandikwa Namanyere, wenye mali wanakuja juu, na macho yote yananigeukia mimi, Vitus. Mzee alikwishaniambia kosa likirudi, nirudi kwetu Malangali nikalime.

Nami nilikuwa na wangu niliyemshuku: Fahadi, mwanawe, anayetumia kompyuta ileile na hanipendi. Nilifika mahali pa kukariri kipanya nilikiacha upande gani, nijue kama kimeguswa.

Mzee akamwita Kauthar, binti wa kaka yake, aliyesomea programu. Nilijua kaletwa kunimaliza. Akaketi pembeni, akanitazama nikifanya kazi. Ukurasa wetu umegawanywa fremu mbili, kushoto safari, kulia mizigo. Nikabofya Kasanga kushoto, nikaandika mahindi kulia, yakaenda Kasanga. Mzee akaguna, akasema nikitazamwa sikosei.

Adhana ikalia. Nikatoka uani kupima ulezi wa mama Agnesi. Niliporudi, Mzee na Fahadi walikuwa wamekwenda, Kauthar yupo palepale. Fremu ya kushoto bado ilionyesha Kasanga, nikaandika ulezi uende huko. Kauthar akafungua orodha ya siku, na ulezi ulikuwa Namanyere. Nikaanza kuapa kwa jina la Mungu.

"Tulia, kaka," akasema. "Nimeona."

Walipotoka msikitini akawaeleza bila kumung'unya maneno. Aliyeandika programu hii ya Java aliifanya ikumbuke safari moja tu, ile iliyofunguliwa mwisho, wakati kila fremu ilipaswa kubeba namba ya safari yake. Mtu akifungua ukurasa wa pili kwenye kompyuta hiyohiyo, ule wa kwanza unaendelea kuonyesha Kasanga huku unaandika kwingine.

"Na huo wa pili anaufungua nani?" Mzee akauliza, akinikazia macho.

"Samahani, Baba mdogo, ni wewe. Vitus akitoka uani, unaufungua kumchunguza, unaufunga, ndipo unakwenda kuswali. Leo uliangalia Namanyere."

Fahadi akatazama viatu vyake. Mimi hasira ilinipanda kuliko siku zote nilizotuhumiwa.

Kauthar alirekebisha programu jioni ileile. Kesho yake adhana ilipolia, Mzee aliniwekea mezani ufunguo wa droo yake ya fedha, ambao hata chooni huenda nao, akatoka. Nilifurahi, sikatai. Kisha nikauangalia tena ule ufunguo, nikaukumbuka ukurasa wa pili. Nikausukuma kwa kalamu hadi katikati ya meza, nikahamisha kiti changu mlangoni, na nikakaa hapo mpaka waliporudi.