Kazi Iliyotiwa Lehemu

Huku kwenye karakana za mtaa wa Gerezani kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Waya uliosokotwa kwa mkono ni wa muda. Uliotiwa lehemu na kufungwa tepu ni kazi iliyokwisha, na mteja haulizi tena. Mimi Onesphory nimewafundisha mafundi wengi sheria hiyo, na mimi ndiye niliyeivunja.

Ismail wa Magomeni ana boti ya kubebea samaki. Ijumaa aliniletea alteneta na sanduku la nyaya. Alitaka injini ichaji betri ya kuwashia pamoja na zile tatu za friza. Kazi rahisi, ila katikati lazima uweke swichi ya kutenganisha, la sivyo injini ikizimwa friza litanyonya betri zote. Nilizunguka Kariakoo nzima, swichi hakuna mpaka Jumatatu. Naye samaki walikuwa wanamsubiri kisiwani Mafia.

"Nakuungia moja kwa moja," nikamwambia. "Ukizima injini tu, chomoa huu waya mwekundu."

"Poa, fundi. Ngoja nikaswali."

Alipoondoka nikautia lehemu ule waya mwekundu. Wallahi sikufikiri! Ni sifa tu. Sipendi kuona kiungo changu kinaning'inia. Nikafunga tepu safi kabisa. Aliporudi nilikuwa na mteja mwingine, akabeba sanduku lake, nikampungia mkono.

Jumapili asubuhi akapiga simu.

"Fundi, injini haishiki. Jana tulitia nanga tukalala, friza limekula betri zote. Sasa nanga imekatika, mkondo unatuvuta nje. Nchi kavu siioni tena."

"Si nilikwambia uchomoe waya?" nikafoka. Ndiyo, nilimfokea mtu anayepotea.

"Nilienda kuchomoa. Nikakuta umetia lehemu, nikajua swichi umeipata. Simu nayo inazima."

Ikazima. Walikuwa wanaichajia kwenye betri zilezile.

Leo Alhamisi. Boti zilizokwenda kuwatafuta zimerudi mikono mitupu, na hakuna anayezungumzia kwenda tena. Swichi niliinunua Jumatatu, sijui kwa nini. Ipo mezani, ndani ya boksi lake.

Saa nne mke wa Ismail, Zulekha, akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri.

"Shemeji, huko sokoni feri wanasema eti ni betri. Nimegombana nao." Akanipa simu yake. "Ona, Jumamosi jioni alinitumia picha hii."

Kilikuwa kiungo changu, kinang'aa pale tepu ilipoishia. Chini Ismail ameandika: *Mama Amira, lala usingizi. Fundi kamaliza kazi.*

"Si ilikwisha hii, shemeji?"

Nikalivuta lile boksi, nikalifunika kwa kitambaa cha grisi.

"Ilikwisha," nikasema.