Maji ya Chef Toussaint

Aline alikata roho juu ya turubai la kituo cha kolera, macho yamezama, vidole vimejikunja kama vya bibi kizee. Walimzika mchana uleule ndani ya mfuko mweupe. Mama yake, Georgette, hakuruhusiwa hata kumwosha.

Georgette alikuwa mtia matone. Kila asubuhi alisimama kando ya mto Mulongwe na bomba la sindano, akitia klore, dawa ya kuua vijidudu, katika kila bido, dumu la maji, iliyopita mbele yake. Bido ya nyumbani kwake aliitia kwa mkono uleule. Ndiyo maana hakuelewa.

Eliane, mwanamke wa laboratwari, alipokuja kilioni alichota maji ya bido hiyo kwenye kichupa, akadondosha kidonge. Yalipaswa kugeuka rangi ya waridi. Yalibaki meupe. Akamweleza mfiwa kwamba klore inayotakiwa ni kidogo sana, chembe isiyoonekana katika lita nzima, na kolera inakufa. Lakini aliyechanganya dawa hii aliizidishia maji mpaka hata chembe hiyo haikubaki.

Mchanganyaji alijulikana. Ni Toussaint, chef, yaani mkuu, wa mradi wa maji, mwenye ufunguo wa depo ya dawa. Mara nyingi Georgette aliona pikipiki yake ikipeleka poda ya klore kwenye hoteli ya ufukweni, ambako bwawa la kuogelea lilimeta buluu. Alikuwa amenyamaza, maana kazi ni kazi. Sasa aliwakumbuka akina mama wote waliomwambia aksanti.

Toussaint alifika kilioni amevaa suti. Akasimama, akawasihi wanawake wanawe mikono, kwani kolera, alisema, ni ugonjwa wa uchafu.

Georgette hakulia. Alijaza kikombe kutoka kwenye bido, akampelekea kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, kama mgeni anavyopewa.

“Kunywa, chef. Iko maji ya klore yako.”

Toussaint alijitetea kwamba amekunywa nyumbani. Georgette hakuondoka. Waombolezaji wakaacha kuimba.

“Kama ilikuwa muzuri kwa mutoto wangu,” alisema, “iko muzuri kwa weye.”

Toussaint aliwatazama watu, akanywa yote.

Kesho yake jioni jeep ilimkimbiza kliniki ya binafsi akihara na kutapika, akatundikiwa dripu ya serumu kwenye kitanda safi. Georgette alipopata habari alicheka peke yake jikoni. Polisi wakamkuta hapohapo, wakamtia kasho, mahabusu ya polisi, kwa kosa la kumpa chef sumu.

Maji ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuyaulizia yakapimwa upesi. Eliane alirudi akamwambia ofisa wa polisi kwamba ametafuta sumu ya kila aina, hata ile ndogo kuliko punje ya vumbi, asiione.

“Lakini klore pia haimo,” aliongeza. “Hata alama.”

“Nimeuliza sumu,” ofisa alijibu. “Sikuuliza klore.”

Akasema mama atabaki ndani mpaka chef apate nguvu ya kuamua kama atamshtaki.

Chef alipata nguvu. Alikuja baada ya misa ya shukrani, ameshikwa mkono na mke wake, waumini wakiimba nje. Alikuwa amekonda kidogo.

“Mama Aline,” alisema kupitia nondo, “minye nimekusamehe.”

Georgette alilitazama koo lake likipanda na kushuka. Akajuta kwamba alimpa kikombe kimoja tu.