Viondo Vyangu vya Folksy

Katika eneo zima la Bahati, karibu na Nakuru, hakuna mwanamke anayesuka kiondo kunishinda. Ukimtoa Wangu, jirani yangu. Na ukimtoa dada yake Wangu, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini bado ananishinda. Hao wengine wote nimewashinda, wengi wao kwa sababu waliacha kusuka.

Jina langu ni Wanjugu. Nina miaka sabini na miwili, nilimaliza darasa la saba, na Kiingereza nasoma vizuri kama aliyekiandika hakuwa na haraka. Kiondo changu ukikishika utakipenda. Kuta zake zimesimama, mistari haijapinda, mdomo umefungwa mpaka uzi hauchomoki. Kitu kimoja tu sikuwahi kukiweza, nacho ni kuanza. Kiondo huanzia kwenye kitako. Unazipanga nyuzi za mkonge zipitane katikati, halafu unazunguka nazo ukiongeza nyingine kidogo kidogo, ili kitako kilale kama sahani. Nikianza mimi, kinavimba kama kofia ya askari. Kwa hiyo miaka arobaini sasa Wangu ananianzia. Kila Alhamisi huniletea vitako vitatu, nami humpa trei ya mayai. Hakuna mtu amewahi kuuliza, na mimi si mtu wa kujibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Mwezi wa tano nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mwanamke anayeitwa Chesang, mwenye duka la vitu vya mikono huko Nakuru mjini. Alikuwa ameona kiondo changu begani mwa mtu kwenye harusi, akaomba namba yangu. Aliandika hivi, akiniita shosho, yaani bibi: "Shosho, I love your folksy style. Nakuja Alhamisi nikuone ukifanya kazi. Kila kiondo nitakachochukua nitakiwekea tag yenye jina lako."

Hiyo ya jina niliisoma mara nne. Nimesuka miaka arobaini nikiuzia madalali, na viondo vyangu vimeenda mahali sitawahi kufika. Siku moja nilikuwa Naivasha kwa binti yangu, nikakiona kimoja dukani, nikakitambua kwa mdomo wake. Kilikuwa na karatasi imeandikwa "Handmade in Kenya", kana kwamba Kenya nzima ilikaa chini ikakisuka. Nilitaka kabla sijafa angalau kiondo kimoja kiseme Wanjugu.

Lakini folksy ilinitia wasiwasi. Mtu anaweza kukutukana kwa Kiingereza na wewe unamwambia thank you. Nikaenda kwa Mwalimu Jamleck, aliyestaafu baada ya kufundisha Kiingereza miaka mingi, na ambaye sasa hukaa nje ya posho mill, kinu cha kusaga unga, akisahihisha mazungumzo ya watu. Ana kamusi isiyo na jalada.

"Mwalimu, folksy ni tusi?"

"Inategemea anayelisema, na anamsema nani," akanijibu, akiwa tayari amefungua kamusi kwenye F. "Folk ni watu. Watu wa kawaida, si wakubwa. Folksy ni kitu au mtu mwenye mtindo wa watu hao. Wa nyumbani, mwepesi kuzoeleka, hana madoido."

"Yaani kienyeji."

"Karibu na hapo."

"Kama kuku."

"Wanjugu, mimi nimesema karibu na hapo."

"Basi ni sifa. Wageni wakija, nani huwachinjia broiler?"

"Ngoja, sijamaliza. Matumizi ni mawili." Akavua miwani, jambo ambalo wanafunzi wake wote wanajua maana yake ni kwamba mtakaa. "Ukisema mzee fulani anaongea kwa njia ya folksy, kwamba mkikaa naye unajisikia uko jikoni kwa mama yako, hiyo ni sifa. Lakini chukua mheshimiwa. Mwaka mzima anakunywa chai kwa kikombe cha dhahabu. Kura zikikaribia anashuka kwenye gari kubwa, anaguguna mahindi ya kuchoma barabarani, anabadilisha hata sauti. Huyo pia wataandika gazetini kwamba alikuwa folksy. Hapo wanamcheka."

"Huyo ni kienyeji iliyoboreshwa," nikasema.

Unawajua kuku hao. Wametotolewa kwa mashine, wamelishwa chakula cha gunia, lakini wana manyoya ya madoadoa, na sokoni unaambiwa ni wa shosho fulani.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo sijaipata kwa kamusi, lakini ingefaa iwemo."

"Na ngoma zetu za zamani? Hizo pia ni folksy?"

"Hapana. Hizo ni folk, zenyewe. Folksy ni ile inayofanana nazo, inayokukumbusha."

"Sasa huyu Chesang ananiita ipi? Shosho wa jikoni au mheshimiwa wa mahindi?"

"Hajakuona bado. Kaa vile unavyokaa siku zote, aje akuone, hata yeye ajue."

Ulikuwa ushauri mzuri. Niliuacha hapo hapo posho mill.

Jumatano nilihamisha mtungi wa gesi nikauficha nyuma ya kitanda. Viti vya plastiki nilivipeleka kwa banda la ng'ombe. Televisheni nilishindwa kuibeba, nikaifunika shuka. Nyuzi za sufu ninazofumua kwenye sweta za mitumba, ambazo ndizo hunipa rangi zote nzuri, nilizisukuma chini ya meza, nikaacha mkonge mtupu. Nikatafuta kigoda ambacho hakijakaliwa tangu mume wangu afe.

Ikabaki Wangu, kwa sababu siku yake ni Alhamisi. Nilimwendea jioni kabla jua halijatua. Nikamwambia asisumbuke kesho, jicho la kulia linaniuma, nitashinda hospitali ya macho Nakuru. Akanipa pole, akaniuliza kama nina wa kunisindikiza. Nikasema ninaye. Nilitembea kurudi nyumbani haraka kuliko mgonjwa.

Chesang alifika saa tisa mchana. Ni mama wa kama miaka arobaini, mwenye viatu vya kutembea matopeni na macho yasiyotulia. Alinisalimia kwa heshima, akaketi kwenye jamvi bila kuambiwa, akageuzageuza viondo vyangu saba, akivuta mdomo wa kila kimoja. Nikaendelea kusuka cha nane polepole, nikivuta pumzi kama mtu wa zamani.

"Shosho, hiyo TV inasikia baridi?" akauliza bila kugeuka.

"Ni vumbi, mama."

"Na hizi sufu chini ya meza? Ndizo nilikuwa nataka! Kile cha harusi kilikuwa na rangi ya machungwa. Nani alikwambia uzifiche?"

Sikusema ni mwalimu, kwa sababu hakuwa yeye. Nikazitoa. Akafurahi, akatoa mfukoni tag ndogo za karatasi ngumu na kalamu, akaandika ya kwanza mbele yangu: Wanjugu, Bahati. Niliiangalia kama picha ya mtoto mchanga.

"Kabla sijaandika zingine," akasema, "nianzie kimoja, shosho. Mama yangu alikuwa anasuka, na kuanza ndiko kulikuwa kunamshinda. Nataka nione kitako."

Nikakiweka chini kile cha nane.

"Saa hii haiwezekani," nikasema. "Kwetu kitako huanzwa alfajiri, kabla jua halijagusa mkonge. Jua likishatoka, hakuna mwanamke anayeanza. Ni mila."

"Kweli? Sijawahi kusikia."

"Vijana wengi hawajui."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua tag nyingine aiandike hiyo mila nyuma yake. Alikuwa amefika kwa neno alfajiri wakati mlango uliposukumwa, na Wangu akaingia na vitako vitatu mkononi, vimelala kama sahani, mkonge wake bado una unyevu.

"Wanjugu, umerudi! Nimeona gari hapo nje, nikasema wamekuleta."

Chesang alivichukua vile vitako, akavipitisha kidole taratibu. "Hivi umeanza saa ngapi, shosho?"

"Hivyo? Saa sita, nikingojea githeri iive. Kwani huwa vinaanzwa saa ngapi? Wakati mwingine humwanzia hata jioni."

Chesang aliniangalia. Halafu akaangalia ile tag aliyokuwa akiandika, akaikata alfajiri kwa mstari mmoja.

"Jina lako nani, shosho?"

"Wangu."

Akachukua ile tag ya kwanza, akaongeza Wangu chini ya jina langu. Chini, kwa sababu kitako kiko chini. Kwa hilo nilimshukuru kimoyomoyo.

Wangu hakuelewa lolote. Alikuwa ameshika kidevu changu, akigeuza uso wangu upande wa dirisha.

"Na daktari alisemaje kuhusu jicho?"

"Alisema litapona," nikasema, nikalifumba la kushoto.

"Jana," akasema Wangu, "lilikuwa la kulia."