Goti la Jumamosi Saa Tisa

Jumamosi moja ya Aprili 2010, saa tisa kamili alasiri, Adrienne alikuwa katika chumba cha kufulia, chini ya jengo lao la Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, akikunja mashuka, goti lake la kushoto lilipoanza kuuma. Liliuma kama goti lililopigwa teke na mtu aliyevaa njumu. Akakaa juu ya kikapu cha nguo, akangoja. Saa tisa na dakika arobaini na saba maumivu yakaacha, naye akamalizia shuka la mwisho. Saa kumi na dakika mbili yakarudi, yakaendelea mpaka saa kumi na dakika arobaini na tisa, kisha yakaondoka. Akabeba kikapu chake, akapanda ngazi kwenda kupika.

Adrienne alikuwa akisafisha ofisi Kista kwa miaka tisa, na maumivu ya mwili wake aliyajua yote, moja moja. Haya hayakuwa yake. Aliyafikiria kidogo wakati wa kuchambua mchele, kisha akayaacha.

Wiki iliyofuata goti lilimwuma Bethuel wa ghorofa ya tatu, Mkenya, injinia wa kompyuta, mtu ambaye hakukosa mechi hata ya timu asizozijua. Naye alikuwa chumba cha kufulia, saa tisa ileile. Alimkuta Adrienne kwenye ngazi.

"Mama Précieuse," alisema, "hii si ugonjwa. Hii ni mechi. Arobaini na tano, mbili za nyongeza, mapumziko dakika kumi na tano, halafu kipindi cha pili."

"Ya nani sasa?" aliuliza Adrienne.

Katika jengo zima aliyewahi kucheza mpira wa kulipwa alikuwa mmoja tu. Wakapanda pamoja hadi ghorofa ya nne, wakavua viatu, wakaketi sebuleni kwa Ljubiša Vranković.

Ljubiša alizaliwa Kragujevac, Serbia, mtoto wa fundi wa kiwanda cha magari. Alikuja Stockholm mwaka 1995 akiwa kiungo wa kati, na kwa miaka minane mashabiki walimpenda kwa sababu hakuwa mchoyo. Alipokea mpira, akatazama nyuma ya bega mara mbili, akautoa. Misimu mitatu ya mwisho alicheza kwa sindano ya ganzi katika goti la kushoto, kabla ya kila mechi, daktari wa klabu akimwambia kwamba maumivu yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliacha mpira 2003, na tangu siku hiyo goti halikuhisi kitu. Angeweza kuweka birika la kahawa ya moto juu yake, na aliwahi kufanya hivyo, kwa kusahau. Siku hizi aliuza tiketi kwenye bwawa la kuogelea, akitembea huku akiukokota mguu kama mzigo wa mtu mwingine.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta kitabu kikubwa ambacho marehemu mama yake alibandika humo vipande vya magazeti, mechi baada ya mechi, na dakika zake. Bethuel akafungua ukurasa wa mechi ya kwanza ya sindano: dakika mbili za nyongeza kila kipindi. Mechi ya pili nayo ililingana na wiki yake mwenyewe. Wakazihesabu mechi zote za sindano. Zilikuwa sabini na moja.

"Samahani sana," alisema Ljubiša. Aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, akawapa chokoleti.

Haikuchukua muda kujua njia ya maumivu yale. Katika majengo ya hapa kila nyumba ina kikufuli chake, na ukitaka kufua unakichomeka kwenye ubao wa zamu, penye siku yako na saa yako. Maumivu yalimfuata aliyechomeka Jumamosi saa tisa. Watu walipogundua hivyo, kila mtu akawa na nguo safi ghafla. Jumamosi ya tano ubao ulikuwa mtupu, na maumivu yakaenda kwa mtoto wa miezi minane, ghorofa ya pili. Alilia dakika tisini na tatu, akanyamaza kwa mapumziko, akanyonya, akaendelea. Hakuna aliyetaka kusikia tena kilio kile.

Ljubiša alichomeka kikufuli chake wiki iliyofuata, kwa hiari yake, akakaa kwenye kiti akisubiri. Goti halikupokea. Maumivu yaligonga kwake yakakuta mlango umezibwa, yakaenda nyumba ya jirani, kwa mzee Mfini aliyekuwa amesimama kwenye ngazi akibadilisha taa.

Ndipo Adrienne akakumbuka walivyofanya kwao Bukavu. Kanisani, mtu akipatwa na shida nzito, hawakuuliza ni kosa la nani. Walifunga kwa zamu, kila mmoja siku yake, wakashikana kama mnyororo mpaka shida ipite. Akachukua karatasi, akaandika Jumamosi zote zilizobaki, akagonga kila mlango. Watu waliandika majina, wengine kwa moyo mweupe, wengine kwa kumwogopa. Jina lake aliliandika kwenye mechi ya sabini na moja, bila kufikiri, maana katika mnyororo aliyeanza ndiye anayemaliza. Ikiangukia Jumamosi ya tarehe ishirini Agosti 2011, basi iangukie.

Zamu ikaenda vizuri, kila mmoja akichomeka kikufuli siku yake. Watu walizoea. Mtu mwenye zamu alipelekewa chakula, miguu ikawekwa juu ya mto, na Bethuel akaja na kitabu akamsomea mechi, ili ajue anaumia kwa ajili ya kitu gani. Mama mmoja Mwiraki alisema aliumia kwa furaha siku ile Ljubiša alipotoa pasi tatu za magoli.

Kisha Précieuse, binti pekee wa Adrienne, akaposwa na Emery, fundi umeme. Ukumbi wa Hjulsta ulikuwa umejaa mwaka mzima. Ilibaki Jumamosi moja tu: tarehe ishirini Agosti, bibi harusi kuingia saa tisa.

Adrienne aliitazama karatasi ya zamu ukutani, akakaa chini.

Kwao bibi harusi haingii tu. Anaingia kwa kucheza, hatua moja mbele, nusu nyuma, muziki ukimsukuma polepole, na kutoka mlangoni hadi kitini ni dakika ishirini. Ubavuni mwake anakuwa baba. Désiré, baba yake Précieuse, alikuwa amelala kaburini Uvira tangu 1999, kwa hiyo ingekuwa Adrienne. Alikuwa ameahidi hivyo wakati mtoto ana miaka kumi, siku ambayo hakukuwa na kitu kingine cha kumwahidi.

Na mechi ya sabini na moja ilikuwa fainali ya kombe. Sindano mbili, dakika thelathini za ziada.

"Mama, nitakubebea mimi," alisema Bethuel. "Nimeshazoea."

"Hapana, Bethuel. Siku ya kufunga haigawiwi. Bukavu mama mmoja aligawa yake kwa shemeji, tukaanza upya siku zote arobaini."

Hakuna aliyetaka kujaribu Jumamosi sabini na moja nyingine. Isitoshe, Adrienne alikuwa amealika jengo zima, ghorofa zote sita, kama anavyoalika mtu aliyelelewa vizuri, na mtoto wa ghorofa ya pili naye alikuwa ameshonewa kigauni cha kitenge; ubao ukiachwa mtupu, maumivu yangeweza kumrudia yeye.

"Tusogeze saa," alimwambia Précieuse.

"Nej, mamma," alisema Précieuse kwa Kiswidi, kisha akashuka kwenye Kiswahili, jambo alilolifanya mara chache. "Ukumbi wanatutoa saa nne usiku. Utakaa kwenye kiti, mimi nitaingia peke yangu. Si kitu."

Ilikuwa kitu. Adrienne aliingia bafuni, akafungua maji, akalia mpaka akatosheka.

Mwenye shida mwenyewe ndiye peke yake anayeruhusiwa kuufunga mnyororo mahali pa aliyeuanza. Hilo alilijua tangu mwanzo, ila mwenye shida huyu goti lake lilikuwa limezibwa. Basi Ijumaa ya kwanza ya Agosti akapanda ghorofa ya nne na ndoo ya maji ya moto, chumvi ya mawe na taulo mbili, akamwambia Ljubiša akunje suruali.

"Kwetu mwanamke akijifungua tunamkanda," alimwambia kwa Kiswidi. "Mwili uliosahau unakumbushwa."

"Mimi sijajifungua."

"Nyamaza, Papa Ljubiša."

Akamkanda saa nzima. Hakuhisi kitu. Ijumaa ya pili vilevile, isipokuwa vinyweleo vya goti vilisimama. Ijumaa ya tatu ilikuwa kesho yake harusi. Nywele za Adrienne zilikuwa tayari zimesukwa, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya moto mpaka kwenye viwiko.

"Siku ile ya fainali nililisikia likikatika," alisema Ljubiša ghafla, macho dirishani. "Dakika ya tisini na tisa. Nikamwambia daktari. Akasema ni kiatu, hakuna kitu, kaendelee. Baadaye nikafikiri labda nilijitungia. Nimefikiri hivyo miaka minane."

"Unaogopa kujua?"

"Naogopa kwamba hakukuwa na kitu. Kwamba nilikuwa mvivu tu, kama walivyoandika magazetini."

Adrienne akachovya taulo, akalikamua, akalibandika juu ya goti kwa nguvu zote za miaka kumi ya kukamua matambara Kista.

"Moto!" alisema Ljubiša. "Moto huo, mwanamke!"

Wakatazamana. Adrienne akashuka ngazi kwenda kuchomoa kikufuli chake ubaoni, na Ljubiša, akishuka nyuma yake polepole, akachomeka chake.

Siku ya pili jengo likabaki na mtu mmoja. Wengine wote walikuwa Hjulsta wakinuka manukato. Saa tisa kasoro dakika moja Adrienne alisimama mlangoni mwa ukumbi, mkono wa binti yake katika wake. Muziki ukaanza. Alitoa mguu wa kushoto kwanza, kusudi, ili kama maumivu yatakuja yaje mara moja na yasimwangushe mtoto katikati ya watu.

Hakikuja kitu.

Akarudisha nusu hatua. Akatoa tena. Goti lilikuwa goti, lake mwenyewe, limezeeka kidogo, halina neno. Kifua kikamfunguka, akacheka kwa sauti mbele ya wageni mia mbili, na kwa dakika ishirini alicheza kama mwenye deni la kucheza na hatimaye ameachiliwa. Mbele kabisa mtoto wa ghorofa ya pili alikuwa amelala fofofo kifuani mwa mama yake. Bethuel alitazama saa yake, akatazama mtoto, akaanza kupiga makofi.

Ljubiša aliingia ukumbini saa moja jioni, ndani ya suti, akichechemea vibaya, goti limevimba limejaa suruali. Alikuwa amekuja kwa metro, akisimama kila kituo kupumua. Macho yake yalikuwa mekundu, na uso mzima ulikuwa ukicheka.

"Lilikatika," alimwambia Adrienne. "Dakika ya tisini na tisa. Nimelisikia tena, na safari hii nimelihisi. Lilikatika kweli, Adrienne. Sikudanganya."

"Kaa ule," alisema Adrienne, akamsogezea kiti na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki. Alimkatia samaki mwenyewe.

Hospitali walipiga picha Jumatano. Mshipa ulionekana umekatika zamani, safi kabisa, kama uzi. Ljubiša akaandika barua kwa klabu, si kuomba chochote, ila waandike tu kwamba aliumia. Jibu lilikuja Oktoba, mistari minne: kwa mujibu wa kumbukumbu zao, mchezaji Vranković alikuwa na afya njema muda wote wa mkataba wake. Wiki hiyohiyo gazeti lilikuwa na picha ya daktari yuleyule, mvi zimeongezeka, ameweka mkono begani mwa kiungo mpya wa miaka kumi na tisa aliyepona haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Ljubiša alileta barua na gazeti kwa Adrienne. Adrienne alivisoma vyote polepole, kwa kidole, kisha akavikunja, akamrudishia.

"Na sasa linauma?" aliuliza.

"Linauma sana."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi zaidi." Alisema hivyo kama mtu anayesifia mjukuu.

Akanywa chai, akashukuru, akaondoka. Adrienne alibaki mlangoni akimsikiliza anavyopanda kwenda kwake. Kila ngazi aliguna. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu, milango ya jengo ilikuwa wazi kwa sababu ya joto la majiko, na hakuna mwingine aliyeguna.