Kioo cha Shangazi na Vifungo vya Kwaya

Katika ukoo wetu mzima, bingwa wa kutunza siri ni mimi. Haya si majigambo, ni hali halisi. Kaka yangu akinunua soksi mpya, mtaa unajua kabla hajazivaa. Mama akificha sukari, anajitaja mwenyewe kwa kuipitia mara tatu kuitazama. Lakini mimi nikiamua kuficha jambo, hata kivuli changu hakiambiwi. Hakuna aliyewahi kunifuma, na wala hajazaliwa.

Basi sikiliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kijana anayesubiri matokeo nyumbani hugeuka kiti: kila anayepita anamwekea kitu. Mama akaona heri kiti hicho kikafanye kazi kwa shangazi yangu, dada yake baba, mwenye duka la udobi.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele chenye kaunta na meza ya pasi, stoo ya nyuma iliyotengwa kwa pazia, na uani kwenye masufuria na kamba. Mlangoni pa stoo pazia halikutosha. Lilibaki pengo la upana wa kiganja, na kila mwaka Shangazi alisema ataliongeza kitambaa. Kwenye pasi alisimama mzee mmoja tuliyemwita Mvuke, maana saa zote uso wake ulikuwa nyuma ya wingu. Maneno yake kwa siku hayafiki kumi, na matatu kati ya hayo ni "sogea, utaungua wewe." Mimi aliniita Profesa, kwa heshima ya matokeo ambayo hayajatoka.

Shangazi alikuwa na sifa moja na hofu moja. Sifa: kwake nguo haitoki na jicho tupu, yaani tundu la kifungo lisilo na kifungo chake. Hofu: kusahau. Mama yake, yaani bibi yangu, alianza kwa kusahau funguo. Akaja akasahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Mwishoni alikuwa anamtazama Shangazi aliyekuwa akimlisha kwa kijiko na kumuuliza, "Dada wa watu, unamtafuta nani hapa?" Kwa hiyo siku hizi Shangazi akiisaka miwani iliyo kichwani kwake, sisi tunacheka mbavu hatuna. Yeye naye anacheka, ila wa mwisho, na kidogo.

Mwaka huo nyumbani tulikubaliana kwamba zawadi za Krismasi zitengenezwe kwa mkono, kununua marufuku. Dada yangu akashona vishikio vya sufuria kwa masalio ya vitambaa. Kaka akaunda kigoda cha miguu minne, mitatu ikiwa inaelewana. Mimi nikasema yangu ni siri, na mtaipigia magoti.

Nilikuwa nimegundua kitu. Shangazi alikuwa akifunga kilemba chake kwa kujitazama kwenye kioo cha dirisha la duka. Ikifika adhuhuri, dirisha halimwonyeshi yeye, linamwonyesha wapita njia, na kilemba kinaenda upande. Basi nikamwomba seremala jirani kipande cha kioo cha mlango wa kabati, ukubwa wa daftari. Nikakata fremu kwa boksi gumu, nikaivika kitambaa cha zambarau, nikachemsha wanga wa kukazia kola mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Hiyo ndiyo gundi. Kilichobaki ni pambo, na pambo nililijua lilipo.

Stoo kulikuwa na makopo mawili ya vifungo. La kifuniko chekundu tuliliita la yatima: vifungo vilivyookotwa chini ya masufuria, vya rangi mia na wenyewe hawajulikani. "Yatima ni wenu," Shangazi alisema siku zote, "chukueni mkitaka." La kifuniko cheupe lilikuwa la wenye kwao, yaani vifungo vilivyokatwa kwenye nguo kwa muda, vikisubiri kurudi. Blauzi za kwaya, kwa mfano, zilichemshwa na dawa kali kila mwaka kabla ya Krismasi, na dawa ile ingevipasua vifungo vyake. Kwa hiyo Shangazi alivikata vyote, akavitunza, akavirudisha kimoja kimoja nguo zikishapigwa pasi.

Jumatatu aliosha makopo yote mawili na kuanika vifuniko juani. Aliyevirudisha vifuniko ni mimi. Kumbuka hapo.

Jumanne, Shangazi alipotoka kupeleka nguo za wateja, nikaingia stoo, nikaegemeza kioo kwenye rafu, nikafungua kifuniko chekundu. Lahaula! Vifungo vya buluu vyenye ukingo wa dhahabu, vyote vinafanana. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajiambia: hawa yatima bahati yao, wamezaliwa mapacha. Nikabandika ishirini na vinne kuzunguka kioo. Jumatano nikarudi kuangalia kama vimeshika, nikajiinamia mbele ya kioo kufanya mazoezi ya hotuba, na nikaificha kazi yangu chini ya gunia.

Alhamisi, mkesha wa Krismasi, saa nne asubuhi, blauzi kumi na mbili za kwaya zilikuwa zinaning'inia zimenyooka kama malaika. Mwalimu wa kwaya angezifuata saa kumi. Huyo mama hupitisha kidole kwenye kila mshono, na mwaka huo alikuwa ameshatamka: "Jicho moja tu tupu, mwakani tunahamia kule kwenye mashine mpya."

Shangazi akafungua kopo jeupe. Akakuta yatima.

"Mzee Mvuke, hebu njoo," akaita. Akafungua jekundu. Humo mlikuwa na vya kwaya, lakini si vyote. Akavimwaga mezani, akavipanga sita sita. Blauzi nane zikatosha. Nne hazina kitu.

"Nimebadilisha vifuniko," akasema polepole. "Nimebadilisha mimi mwenyewe. Na vingine sijui nimevipeleka wapi."

Mimi nilikuwa nimesimama na kapu la vibanio. Hapo ndipo pa kusema.

"Labda vimedondoka, Shangazi," nikasema.

"Vidondoke ishirini na vinne? Vina miguu?" Akashika shavu. "Jumatatu nilikuwa nayamwaga maji ya dawa. Nitakuwa nimevimwaga navyo."

Akatoka uani, akapiga magoti kwenye mtaro, akapandisha mikono ya gauni na kuanza kuchakura matope kwa vidole. Shangazi yangu, ambaye hukunja uso akiona tone la chai kwenye kaunta! Nikamfuata.

"Acha Shangazi, nitatafuta mimi."

"Wewe unajua nilikoviweka?" Hakuniuliza kwa ukali. Alikuwa anaongea na mtaro. "Mama naye alianza hivi hivi. Funguo aliziweka kwenye pipa la unga, akatulaumu sisi. Alikuwa na umri huu huu wangu."

Nilirudi ndani mbio. Mpango ukaja wenyewe: nibandue vifungo, nivirudishe kimyakimya, Shangazi avikute, yaishe. Wanga ukipigwa na mvuke hulegea, hilo kila dobi analijua. Nikachukua birika.

"Unaenda wapi na birika langu?" Mvuke aliuliza kutoka kwenye wingu lake.

"Napika chai, Mzee."

"Stoo?"

"Huku kuna utulivu."

Akanitazama, akarudi kwenye kola yake.

Nikaliweka birika kwenye jiko dogo la kuchemshia wanga, nikakitoa kioo chini ya gunia na kukiegemeza tena kwenye rafu. Sikuwa na subira. Vya kwanza nilivichokonoa kwa kucha. Kila kifungo kilitoka na duara la rangi ya kitambaa. Nje nilimsikia Shangazi akikwangua mtaro kwa kijiko, kwaru, kwaru. Naomba ieleweke kwamba macho yangu yalitoka maji wakati huo kwa sababu ya mvuke wa birika. Mvuke wa birika ni mkali, muulize yeyote.

Nilipomaliza nikavifuta kimoja kimoja, nikavitumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya Shangazi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kisha nikaenda uani.

"Shangazi, umetazama kwenye aproni?"

Alinyanyuka, matope hadi viwikoni. Akanawa, akaingia, akatia mkono mfukoni. Vifungo vikalia. Nilitegemea kigelegele. Yeye alivishika tu kwenye kiganja, akavitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Vipo," akasema. "Asante, baba." Basi.

Tulishona sote watatu, hata Mvuke na vidole vyake vya moto. Mwalimu wa kwaya alifika saa kumi kamili, akapitisha kidole chake cha polisi kwenye blauzi zote kumi na mbili, akasema, "Hapa ndipo kwetu." Shangazi akatabasamu kwa mdomo. Nikajipongeza: kazi imeisha, siri imekufa, bingwa ni yule yule.

Krismasi mchana tulikuwa sebuleni kwake. Mvuke naye alikuwepo, maana anaishi peke yake na kila mwaka Shangazi humwita. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mpaka ukiligusa unajikata. Tukagawana zawadi. Kaka akamkabidhi Mvuke kigoda. Mvuke akakikalia mara moja, akasimama, akashukuru.

Nikamletea Shangazi zawadi yangu, imefungwa kwa gazeti. Akafungua. Kioo, fremu ya zambarau, na kuizunguka fremu madoa ya duara ishirini na manne, meupe kama upele.

"Haya ni nini?" dada yangu aliuliza. "Fremu imepata tetekuwanga?"

"Miezi mipevu," nikajibu bila kupepesa. "Mtindo wa sasa hivi. Nyie hamuwezi kuelewa."

Wakacheka. Shangazi hakucheka, aliipapasa ile fremu, akasema, "Umeniona nikihangaika na lile dirisha? Kumbe kuna mtu ananiangalia." Akafungua kilemba, akakifunga upya mbele ya kioo, sawasawa, pande zote mbili. Akapendeza. Halafu akaendelea kujitazama hata pale alipokuwa amemaliza.

"Huyu anazidi kufanana na mama," akasema.

Akakiweka kioo mapajani, akatugeukia.

"Niwaambie, maana ninyi ndio watu wangu. Mwezi wa kwanza nitaenda hospitali wanipime kichwa. Na duka nitaanza kulitafutia mtu. Ile jana si mchezo. Nimevikuta vifungo kwenye aproni yangu, na sikumbuki hata kidogo mkono wangu ukiingia mfukoni. Hata kidogo."

Hapo tena palikuwa pa kusema, mara ya pili siku mbili mfululizo. Nikafungua mdomo.

"Kila mtu anasahau, Shangazi," nikasema. Ndicho kilichotoka.

Mvuke akaweka kikombe chini.

"Mama," akamwambia Shangazi, "hukumbuki kwa sababu mkono haukuwa wako."

Nikamkonyeza Mvuke. Hakukonyezeka.

"Profesa alikiegemeza hicho kioo kwenye rafu ya stoo, na pazia letu unalijua. Mimi nikiwa kwenye meza yangu, namwona humo ndani kama yuko kwenye televisheni. Tangu Jumanne. Nimemwona akibandika vifungo, nikajua ni yatima, nikasema mtoto ana mkono. Nimemwona Jumatano akijiinamia." Mzee akasimama, akaweka kiganja kifuani, na kwa sauti yangu kabisa akasema, "'Shangazi mpendwa, pokea hiki kidogo kutoka kwa mpwa wako, mtanashati wa ukoo.' Na jana nimemwona akivibandua, nikasema nimwachie aseme mwenyewe."

Kaka alianguka kutoka kwenye kiti. Shangazi hakuondoa macho kwangu.

"Vifuniko?" akauliza.

"Mimi."

"Vifungo?"

"Mimi. Nilidhani ni yatima."

"Kwenye aproni?"

"Mimi, Shangazi."

"Kwa hiyo mimi..."

"Wewe huna kitu. Kichwa chako kizima kuliko vyetu vyote."

Akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakaanza kutikisika. Hatukujua kama analia au anacheka, mpaka ndala ikaruka na kunipata sikioni. Hapo tukajua ni vyote viwili. Alipofunua uso alikuwa amepungua miaka kumi. Lakini bado alinitazama.

"Uliniona nimepiga magoti mtaroni. Ukanisikia namtaja mama. Ukanyamaza?"

Swali hilo halikuwa na utani wa kujifichia.

"Nilinyamaza," nikasema. "Niliogopa. Nisamehe, Shangazi."

"Alilia lakini, Mama," Mvuke akasema taratibu. "Huko stoo. Alilia sana."

Kaka, dada, sebule nzima wakanigeukia. Jina langu lote la ubingwa lilikuwa linaning'inia hapo.

"Nani alilie?" nikaruka. "Ule ulikuwa mvuke wa birika!"

Mzee akachukua kikombe chake, akapuliza chai, akanywa funda moja.

"Birika," akasema, "lilikuwa bado halijachemka."