Njiwa wa Mkate

"Tanuri hilo bado, Mzee Tereso. Ukiingiza mkate wangu sasa, utatoka umenuna kama wewe."

Bi Basilia Tum alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Ukabaki mweupe. Aliwageukia wanawake waliopanga foleni na sinia zao vichwani, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mama, mimi naoka tangu hujaolewa," alisema Mzee Tereso, akisukuma kuni.

"Na tangu sijaolewa unaunguza."

Tulicheka. Jumatano ya Juma Kuu mtu hucheka kwa urahisi. Mijakaranda imechanua, vumbi la barabarani limegeuka zambarau kwa maua yaliyoanguka, na mtaa mzima unanuka hamira na mdalasini. Kila nyumba hukanda unga wake, lakini mwenye tanuri ni Tereso peke yake, kwa hiyo mikate yetu yote huingia pamoja. Ili watu wasishikane mashati, kila nyumba ina alama yake. Wengine hutoboa kwa uma, wengine huchanja kwa kisu. Basilia yeye hugandamiza kifungo cha koti la marehemu mumewe. Ukiona duara lenye vitone vinne, basi huo ni mkate wa Basilia, na humo ndani mayai hayakubaniwa.

Mwaka huu yalimtoa jasho hasa. Basilia hufua nguo za nyumba mbili za watu na hana kingine zaidi ya kuku sita. Tangu Jumatano ya Majivu hakuonja yai hata moja. Kila lililotagwa alilitia kwenye chungu chenye pumba, akala maharage na chapati za mahindi siku arobaini, mpaka mashavu yakabonyea. Tulimwuliza anamwekea nani, akasema anajua mwenyewe. Nasi tulijua. Mikate ile kumi na miwili ilikuwa ya nyumba moja tu, nyumba ya mwanawe Fermin, mitaa mitatu kutoka kwake, ambayo hakuikanyaga kwa miaka minne.

Nitasema kilichotokea, maana nilikuwepo, na nilicheka pamoja na wengine. Fermin alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Mkewe, Odilia, alitoka pwani, huko kwenye joto wasikojua mkate wetu wa viini vya mayai. Juma Kuu lake la kwanza hapa alikanda peke yake usiku kucha, asubuhi akamletea mkwewe kapu la mkate wake. Haukuumuka. Ulikuwa mzito, umekauka pembeni, mbichi katikati. Basilia alipokea akashukuru, na Odilia alipopiga hatua chache tu, akatuambia sisi tuliokaa uani, "Hebu tuone kama hata kuku watauweza." Akautupa wote. Odilia alikuwa amesahau kitambaa chake, akarudi kukifuata. Aliwakuta kuku wakiudonoa, na sisi tumeshika mbavu. Alikichukua kitambaa, akakikunja mara nne, akaondoka. Tangu siku hiyo Fermin akimwona mama yake barabarani huvuka upande wa pili.

Baadaye akazaliwa mtoto, Maruca. Sasa ana miaka mitatu. Basilia amemwona mara tano, zote kanisani, begani kwa baba yake, kisogo tu na utepe.

Kwetu kapu la Jumatano hii halirudi tupu. Uliyempelekea hukurudishia na mkate wa nyumba yake, siku hiyo hiyo, na Ijumaa Kuu mnakula pamoja kwa asali. Kapu likirudi na mkate, yaliyopita yamepita. Basilia aliweka roho yake yote hapo. Unga ulipobaki kidogo kwenye sinia, alifinyanga njiwa, mbawa amezichora kwa kitana, macho karafuu mbili. Hakumpiga alama ya kifungo.

"Huyo hana alama," Mzee Tereso alimwambia. "Nikimpoteza usinililie."

"Huyo utamjua. Macho yake yanakutazama."

Mkate ulitoka mzuri kupita kiasi. Sisemi kwa kujipendekeza, mimi na Basilia hatupatani sana. Ulikuwa na rangi ya kahawia ya asali, ukiubonyeza unanyanyuka wenyewe. Aliupanga kwenye kapu, njiwa juu kabisa, akaufunika kwa kitambaa chake cheupe kuliko vyote, akaenda. Njiani midomo ilikuwa inamchezacheza. Alikuwa anajifundisha neno moja.

Odilia alifungua mlango nusu.

"Fermin hayupo. Amekwenda kuchukua kanzu ya maandamano ya Juma Kuu."

"Sikumfuata Fermin. Nimekuja kwako, mwanangu."

Odilia alilitazama kapu bila kunyoosha mkono. Nyuma ya sketi yake kilichungulia kichwa chenye utepe.

"Mama, nani huyo?"

"Ni mama wa mkate," Odilia alimjibu mwanawe.

Hapo ndipo Basilia alipotakiwa kulisema lile neno. Nisamehe. Si refu. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Umeiva vizuri. Mayai arobaini na mawili. Na huyo njiwa ni wa mtoto."

"Umejisumbua, mama," alisema Odilia, na hiyo 'mama' ilikuwa ile anayoambiwa muuza nyanya. Alilipokea kapu. "Kapu lako utalipata."

Mlango ukafungwa taratibu. Lakini Basilia alirudi karibu anakimbia. Amepokea! Alifagia uwanja mara mbili. Alitoa mtungi wa asali, akapanga mezani vikombe vinne vya Ijumaa Kuu, kimoja kidogo cha bati chenye ua, akakaa mlangoni kwenye kigoda. Kila aliyepita na kapu alimwinulia shingo. Saa nane, saa tisa. Ngoma ya maandamano ilianza kujaribiwa kule kanisani.

Saa kumi hivi alikuja jirani yake, Bi Eusebia, amebeba bakuli lililofunikwa.

"Shoga, mwaka huu sikuoka," alisema, akijitupa kwenye kiti kabla hajakaribishwa. "Mikono hii imekataa, baridi yabisi imeniingia mpaka kwenye kucha. Lakini nikuache hivihivi? Kidogo nilichopata mimi na wewe tule."

"Ungepumzika tu, Eusebia."

"Nitapumzika kaburini. Funua."

Basilia alifunua. Duara, vitone vinne. Akauinua wa juu, akautazama wa chini yake. Duara, vitone vinne.

"Huu umepata wapi?"

"Nimeletewa. Kwani una nini?"

"Na nani, Eusebia?"

Eusebia aliusogeza mkate mmoja karibu na pua, akafinya macho, kisha uso ukamshuka. "Maskini mimi. Macho haya ni ya kuyatupa. Shoga, haki ya Mungu sikutazama alama. Mkweo alipita mchana, akamimina wote kwenye bakuli langu. Akasema kwao hawali mkate wa mayai, unawachafua tumbo."

"Wote?"

"Wote, hivyo hivyo ulivyo. Ila mitatu nimewapa wanangu. Usilie, Basilia."

"Silii. Kulikuwa na njiwa?"

"Njiwa gani?"

"Wa mkate. Ana macho ya karafuu."

"Hapana, shoga. Njiwa sikumwona. Ningemwona, hata mimi."

Kama Odilia alijua kwamba Eusebia kila mwaka hugawana chake na Basilia, mimi siwezi kuapa. Mtaa mzima unajua. Eusebia alijaribu kusema hili na lile, akaona hasikilizwi, akaondoka ameacha bakuli.

Basilia alihesabu. Mikate tisa. Na mitatu ya wana wa Eusebia, kumi na miwili. Alitoka kufunga mlango wa uani, akakuta kapu lake limetundikwa kwenye msumari wa nje. Hakusikia lilipoletwa. Lilikuwa tupu, na ndani yake kitambaa chake cheupe kimekunjwa mara nne.

Alisimama pale amekishika. Ilimwuma, tena palepale alipopiga mwenyewe, na hakuwa na wa kumlalamikia. Lakini njiwa hakurudi. Wazo hilo lilimtia moto miguuni. Njiwa amebaki kule. Ama yuko kwenye tumbo la Maruca, ama ametupiwa kuku, kama vile yeye alivyotupa. Akaondoka bila shali, mitaa mitatu, watu wakimpisha kwa sababu walidhani anawahi maandamano.

Nyuma ya nyumba ya Fermin kuna wigo wa matete, na nyuma ya wigo kuna kuku wa Odilia. Basilia aliinama hapo akashika matete kwa mikono miwili. Kuku wanaweza kumaliza mkate wote wasibakishe chembe, lakini karafuu hawali. Anawajua, amefuga kuku miaka arobaini. Hudonoa mara moja, hutikisa kichwa, huiacha. Kama macho ya njiwa yapo chini pale, atayaona. Kama hayapo, basi mtoto amekula.

Ardhi ilikuwa imefunikwa maua ya jakaranda. Mapya yalikuwa ya zambarau, ya jana yamesinyaa yamekuwa meusi, madogo madogo, yamejikunja, kila moja likimdanganya kuwa ni karafuu. Alitazama futi kwa futi. Akapiga magoti.

"Umepoteza nini hapo?"

Fermin alikuwa amesimama kwenye kichochoro, amevaa kanzu yake ya maandamano, kofia mkononi. Ni miaka minne hakumsemesha. Basilia alimtazama kutoka chini, ndevu zimeanza mvi, mwanawe, na lile neno likapanda tena mpaka kwenye meno.

"Karafuu," alisema. "Karafuu mbili."

Fermin alimtazama kidogo, kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Ngoma ya kanisani ikapiga. Alivaa kofia yake, akapita.

Basilia alirudisha uso kwenye matete. Upande wa pili kuku walikuwa wanaparua maua, na kila walipoparua, mengine yalianguka kutoka mtini yakafunika palepale.